Mswada wa riwaya upokewe kama tasnifu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo nimekuwa nalo moyoni kwa miaka mingi na ambalo naamini linawahusu wote wanaosoma Kiswahili, si walimu na wahadhiri peke yao. Ninaviomba vyuo vikuu vyetu, hasa vile vyenye idara na taasisi za Kiswahili, vianzishe shahada ya uzamili ya uandishi bunifu. Katika shahada hiyo mwanafunzi aruhusiwe kuwasilisha mswada wa riwaya, wa tamthiliya, wa diwani au wa hadithi fupi ukiwa ndio tasnifu yenyewe, usomwe na watahini wa ndani na wa nje, autetee mbele ya jopo, na akifaulu atunukiwe digrii kwa kazi hiyo.

Kilichonifanya nishike kalamu sasa ni ziara ya kijana mmoja niliyemfundisha kidato cha tano na cha sita. Amehitimu shahada ya kwanza ya ualimu, akapita nyumbani kunisalimu, na baada ya shikamoo na habari za wazazi akatoa mkobani karatasi zilizobanwa pamoja, hadithi ndefu ya wavuvi wa Kigombe, akaniuliza, "Mwalimu, nataka kuendelea na masomo, lakini nataka kusomea hiki. Niombe chuo gani?" Nilikaa kimya muda mrefu kuliko inavyompasa mwalimu. Mwishowe nilimshauri aombe uzamili wa fasihi ya Kiswahili, kwa kuwa ndio mlango uliopo, huku nikijua fika kwamba akiuingia mlango huo karatasi zake zitabaki nje, maana mimi mwenyewe niliupitia.

Nilipoanza masomo ya uzamili nilikuwa na kauntabuku nne zilizojaa. Nilikuwa nimeandika habari za kambi ya mkonge niliyokulia hapa mkoani Tanga: manamba waliokuja kutoka mbali na wasirudi kwao tena, kelele za mashine ya kusindika mkonge ambayo sote tuliiita korona, na miaka ambayo kazi ilikwisha shambani, watu wakabaki katika nyumba za kambi bila mshahara na bila kijiji cha kurudi. Msimamizi wangu, ambaye alikuwa mtu mwema na msomi wa kweli, alizifungua kauntabuku hizo, akasoma kurasa mbili tatu, akaniambia kwa upole, "Kazi nzuri hii, Mwalimu, lakini haina tatizo la utafiti, haina nadharia, wala haina data. Haitapokewa." Kwa mujibu wa kanuni alizokuwa nazo alisema kweli. Basi nikachagua riwaya mbili za mwandishi mwingine, nikatafuta pengo la maarifa, nikashika nadharia, nikaandika sura tano kama zinavyoandikwa zote: utangulizi, mapitio ya machapisho, mbinu za utafiti, uchambuzi wa data, hitimisho na mapendekezo. Nilifaulu. Sijutii, kwa sababu uhakiki ulinifunza kusoma kwa makini ambayo sikuwa nayo awali. Hata hivyo, katika miaka ile miwili hakutokea hata mtu mmoja aliyesoma sura nzima ya kauntabuku zangu akaniambia kwamba yule mzee mnyapara anakufa mapema mno, au kwamba mazungumzo ya wanawake bombani ndiyo yenye uhai na yastahili nafasi kubwa zaidi. Nilirudi kufundisha nikiwa na cheti, na kauntabuku zikarudi ndani ya sanduku la bati.

Msomaji asidhani kwamba utaratibu huu huwakuta watu wadogo kama mimi tu. Mwaka 1976 Euphrase Kezilahabi alihitimu uzamili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa tasnifu iliyomhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Wakati huo Kezilahabi alikuwa amekwisha kuchapisha riwaya tatu za kwake, pamoja na diwani iliyozua mjadala mkubwa kwa kuacha vina na mizani. Ni heri kwamba mwandishi kijana alimsoma mtangulizi wake kwa kina, wala sisemi kwamba tasnifu ile ilikuwa kazi bure. Ninachokihoji ni utaratibu ambao mtu aliyekwisha kuwapa Waswahili riwaya tatu aliweza kupata digrii kwa kuandika juu ya riwaya za mwenzake, lakini si kwa kuandika ya nne.

Ngũgĩ wa Thiong'o alikwenda Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mwaka 1964 kusomea uzamili, na utafiti aliouchagua ulihusu fasihi ya Karibiani. Akiwa huko aliandika riwaya yake ya tatu, ile iliyotoka mwaka 1967 na ambayo hadi leo inafundishwa katika nchi nyingi. Tasnifu hakuimaliza, na aliondoka Leeds bila digrii aliyoifuata. Nikilitazama jambo hilo kwa macho ya mwalimu naona mwanafunzi aliyefanya kazi kubwa kuliko aliyoagizwa, na chuo ambacho hakikuwa na safu ya kuiandikia alama.

Wakati huohuo palikuwepo chuo chenye safu hiyo. Chuo Kikuu cha Iowa, katikati ya mashamba ya mahindi ya Marekani, kilitangaza mwaka 1922, kwa kauli ya mkuu wake wa masomo ya uzamili, Carl Seashore, kwamba kazi ya ubunifu itapokewa kuwa tasnifu. Programu yenyewe ya uandishi ilianzishwa mwaka 1936 chini ya Wilbur Schramm, na kuanzia mwaka 1941 ikaongozwa na mshairi Paul Engle, ambaye mwenyewe alikuwa amepata uzamili wake palepale kwa diwani ya mashairi. Wanafunzi husoma kwa miaka miwili. Flannery O'Connor, mmoja wa waandishi wakubwa wa hadithi fupi wa nchi ile, alihitimu hapo mwaka 1947. Mimi natilia mkazo ule mwaka 1922, kwa sababu unaonyesha kipi kilitangulia. Hawakuanza na jengo, wala mfadhili, wala orodha ya walimu mashuhuri. Walianza na kanuni moja, na programu ikafuata miaka 14 baadaye. Nasi tunaweza kuanza na kanuni.

Historia ya chuo kile inatugusa kuliko wengi wanavyofahamu. Mwafrika wa kwanza kuhitimu katika programu hiyo, mwaka 1968, alikuwa Taban lo Liyong, mwenye asili ya Sudan Kusini aliyekulia kaskazini mwa Uganda. Mwaka huohuo alikuwa Nairobi, na pamoja na Ngũgĩ na Henry Owuor-Anyumba akaandika waraka uliotaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na mahali pake pawe na idara itakayoiweka fasihi ya Afrika katikati. Waraka ule ulibadilisha tunachokisoma katika vyuo vya Afrika Mashariki, nasi sote ni warithi wake. Namna ya kuandika, ambayo Taban alikuwa ameisomea, haikupata waraka wake.

Uingereza nayo ilichelewa. Ni mwaka 1970 ambapo Malcolm Bradbury na Angus Wilson walianzisha uzamili wa uandishi katika Chuo Kikuu cha East Anglia, mjini Norwich, na mwaka wa kwanza mwanafunzi alikuwa mmoja tu, Ian McEwan, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa riwaya. Miaka kumi baadaye alihitimu hapo Kazuo Ishiguro, aliyekuja kutunukiwa Nobeli mwaka 2017. Namtaja yule mwanafunzi mmoja kwa ajili ya wakuu wa idara watakaosema kwamba hawatapata idadi ya kutosha.

Kipingamizi ninachokisikia mara nyingi, hata kutoka kwa waandishi wenyewe, ni kwamba uandishi ni kipaji na kipaji hakifundishwi. Kauli hii huniumiza kwa sababu husemwa na watu wa lugha ambayo imefundisha utunzi kwa karne nyingi. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa Meya wa Dar es Salaam na kisha waziri, alichapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, akaeleza vina, mizani na kituo kama fundi anavyoeleza vipimo vyake. Kabla yake, malenga wa Mombasa na Lamu walijibizana kwa mashairi, na hapakuwa na mtunzi kijana aliyethubutu kusimama bila kupita kwa mkubwa aliyemsahihisha. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alikulia katika nyumba ya washairi, na kaka yake, Ahmad Nassir, ni malenga wa kutajika. Mashairi aliyoyatunga gerezani na kuyachapisha mwaka 1973 yana ustadi wa mtu aliyefunzwa, pamoja na uchungu wa mtu aliyefungwa. Kipaji alikuwa nacho, na shule pia alikuwa nayo.

Wewe mwenyewe, Mhariri, uko katika kazi iliyokuwa shule hiyo kwa watu wa bara. Tangu Mambo Leo lilipoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, magazeti ya Kiswahili yamewapa washairi nafasi. Mtunzi wa Tabora alileta shairi lake, wa Lindi akamjibu kwa bahari ileile na vina vilevile, wa tatu akaandika kuonyesha kwamba mizani imepungua katika ubeti wa nne, na wasomaji maelfu wakajifunza kwa kuwatazama. Shaaban Robert alichapisha mashairi katika gazeti hilo. Ushairi wetu, kwa hiyo, haukuwa kazi ya mtu mmoja mmoja aliyejifungia chumbani akisubiri kujaliwa. Ulikuwa na walimu, wapinzani na wasikilizaji.

Riwaya haikupata shule ya namna hiyo. Huwezi kujibizana na mtu kwa riwaya kupitia ukurasa wa gazeti, wala huwezi kuleta sura ya saba barazani baada ya magharibi ukasomewa mizani yake. Riwaya ya Kiswahili ni changa ikilinganishwa na utenzi, na mwandishi wake amekuwa mpweke tangu siku ya kwanza: huandika usiku baada ya kazi ya mchana, huwapa marafiki wakamwambia ni nzuri, hupeleka kwa mchapishaji akakaa mwaka bila jibu, na likija jibu huwa mistari miwili. Hapo ndipo ninapoona chuo kikuu kina wajibu, kwa sababu ndipo mahali pekee katika nchi zetu ambapo watu kumi wanaweza kulipwa, au kulipa, ili wasome na kuandika pamoja kwa miaka miwili.

Katika sanaa nyingine hatuna shaka hiyo. Bagamoyo tumekuwa na chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, nacho kinafundisha ngoma, muziki na maigizo, na sijasikia mtu akisema kwamba mpiga marimba asifundishwe kwa kuwa amezaliwa nayo. Makerere, tangu enzi za Margaret Trowell aliyeanzisha shule yake ya sanaa, imewapima wachoraji kwa kazi za mikono yao, akiwemo Mtanzania mwenzetu Sam Ntiro.

Nieleze sasa kinachofanyika hasa katika masomo haya, kwa sababu neno warsha kwetu limezoeleka kwa semina za siku mbili. Darasa huwa dogo, watu kumi au kumi na wawili. Kila wiki wanafunzi wawili hugawa kurasa zao, pengine ishirini kila mmoja. Wenzao huzichukua nyumbani kwa siku saba, huzisoma zaidi ya mara moja, huandika pembezoni walipokwama na walipovutwa, na siku ya darasa huzijadili mstari kwa mstari chini ya uongozi wa mwandishi aliyekomaa. Huko Marekani desturi ya zamani ni kwamba mwenye kazi hukaa kimya hadi wenzake wamalize. Desturi hiyo imelalamikiwa hukohuko, hasa na waandishi weusi na wenye asili ya Asia, kwamba humlazimisha mtu kuwasikiliza wasioijua jamii yake wakiamua kipi kinaeleweka na kipi hakieleweki. Sisi hatulazimiki kuichukua. Desturi yetu ni ya kujibizana, na nadhani ingefaa mwandishi aseme kwanza alikusudia nini, wenzake wamweleze walichokiona, kisha yeye apewe zamu ya mwisho.

Na yapo mambo ya kufundishwa ambayo ni ya Kiswahili peke yake, ambayo hakuna mwalimu wa Iowa wala Norwich awezaye kutufundisha. Mwandishi wetu husimulia kwa -ka-: akaamka, akanawa, akatoka, akamkuta jirani. Msururu huo una mwendo wa ngano, na msikilizaji huufuata kwa raha. Lakini kwenye ukurasa, baada ya vitenzi kumi, macho ya msomaji huanza kuteleza, na fundi hana budi kujua mahali pa kuukata kwa -li-, au kusimamisha wakati kwa hu-, au kumwingiza msomaji katikati ya tendo kwa -ki-. Ni nani anayemfundisha kijana jambo hilo? Vitabu vya sarufi humtajia njeo na hali, navyo viko sahihi, lakini havimwambii kila moja inafanya nini kwenye pumzi ya anayesoma. Vivyo hivyo suala la lahaja. Mvuvi wa Pemba, mama wa Kibondei anayeuza machungwa barabarani na karani wa Dodoma hawasemi Kiswahili kimoja, na mwandishi asiyejua namna ya kuliweka hilo kwenye mazungumzo huwafanya wote wazungumze kama taarifa ya habari, au huwafanya wachekwe. Halafu kuna methali. Miswada ninayoletewa na wanafunzi wangu imejaa methali katika kila kona, kwa kuwa shuleni waliambiwa kwamba hizo ndizo mapambo ya lugha, na hakuna aliyewaonyesha mhusika mmoja mwenye sababu ya kutumia methali moja saa hiyo mbele ya mtu huyo. Mambo haya hufundishika. Nimeyafundisha kidogo kidogo katika klabu ya Kiswahili ya shule yetu, na nimeona kurasa zikibadilika kati ya Januari na Juni.

Leo hii anayetaka kuyasoma kwa ngazi ya digrii ya juu kwa kawaida huenda ng'ambo na kuandika kwa Kiingereza. Gharama ni kubwa, lakini gharama kubwa zaidi ni kwamba anarudi, kama anarudi, akiwa na ustadi uliojengwa kwa sentensi za lugha nyingine. Halikuanza leo jambo hili la kuacha lugha zetu nje ya mlango. Mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere Juni 1962 ulikuwa wa wale walioandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyekuwa ameandika kuliko wengi waliokuwemo ukumbini, hakuwa miongoni mwao, na mwezi uleule alifariki dunia. Wala si kweli kwamba shahada ya namna hii haiwezekani nje ya Kiingereza. Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Makhanda, Afrika Kusini, kina uzamili wa uandishi bunifu unaopokea mswada ulioandikwa kwa isiXhosa. Iowa yenyewe, na Chuo Kikuu cha New York, vina shahada ya uzamili ya uandishi kwa Kihispania. Lugha inayoandikiwa tasnifu za uzamivu Dar es Salaam, Dodoma na Zanzibar haiwezi kushindwa kuandikiwa riwaya ya uzamili.

Suala gumu, na sitaki kulirukia, ni nani atakayefundisha. Kanuni za ithibati hutaka anayefundisha uzamili awe na digrii ya uzamivu, na ni kanuni nzuri kwa fani nyingi. Lakini kwa kanuni hiyo Shaaban Robert asingeruhusiwa kusimama mbele ya darasa hilo. Mmarekani Kurt Vonnegut alifundisha Iowa kuanzia mwaka 1965 bila kuwa na digrii yoyote. Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa kimeikataa tasnifu yake ya anthropolojia miaka ya arobaini, na mwaka 1971 chuo hichohicho kikampa uzamili wa anthropolojia kwa kuikubali riwaya yake mojawapo kuwa tasnifu. Sipendekezi tufute kanuni. Napendekeza kila mwanafunzi awe na wasimamizi wawili, mmoja msomi mwenye uzamivu atakayebeba dhamana ya kitaaluma na mwingine mwandishi aliyethibitika kwa vitabu vyake, na idara iwe na nafasi ya mwandishi mkazi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Waandishi wetu wengi wakubwa ni walimu wastaafu, watangazaji na maofisa wa zamani. Wako Tanga, Unguja, Bukoba na Mombasa, na wengi wangekuja kwa heshima ya kuitwa, mbali na malipo.

Kupima kazi nako kunawezekana. Mwanafunzi awasilishe mswada uliokamilika, tuseme wa maneno 50,000 kwa riwaya, pamoja na insha ya maneno 10,000 ambamo anaeleza alisoma nini, alichagua usimulizi upi na kwa nini, na alichora nasaba gani kati ya kazi yake na fasihi iliyomtangulia. Insha hiyo ndiyo itakayowatuliza wajumbe wa seneti wanaotaka kuona fikra za kitaaluma, na kwa kweli ni zoezi lenye faida kwa mwandishi. Mtahini wa nje awe mwandishi au mhariri wa vitabu. Maprofesa wetu wanaposimama kama majaji wa tuzo wanapima riwaya bila nadharia ya kuitegemea na wanaafikiana juu ya mshindi. Uwezo huohuo wautumie katika jopo la utetezi.

Nimewasikia wanaohofu kwamba shahada itazalisha riwaya zinazofanana, kama inavyodaiwa kuhusu baadhi ya zile za Marekani. Ni hofu ya haki, na dawa yake ni kuchanganya walimu na kuwachukua wanafunzi kutoka vijijini na mijini, pwani na bara, wakiwemo wauguzi, askari na wakulima, na si wahitimu wa fasihi peke yao.

Ningependa pia tafsiri iwe mkondo mmojawapo wa shahada hiyo. Profesa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipotunukiwa Nobeli mwaka 2021 tulishangilia, na wengi wakauliza tutamsoma wapi kwa Kiswahili. Ida Hadjivayanis alitupatia Peponi, tafsiri ya riwaya ya Gurnah iitwayo Paradise, mwaka 2022, miaka 28 baada ya riwaya hiyo kutoka kwa Kiingereza. Mwalimu Nyerere, akiwa rais mwenye kazi zote za urais, alitafsiri tamthiliya mbili za Shakespeare, na hakuona kwamba ni kazi ndogo. Tafsiri ya kitabu kizima yenye utangulizi wa kina ni tasnifu tosha.

Tumeanza kuwatuza waandishi, na ninawashukuru wanaofanya hivyo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu hutolewa tangu mwaka 2023, na kabla yake ile ya Kiswahili inayohusishwa na Chuo Kikuu cha Cornell imewatoa waandishi wapya tangu mwaka 2015. Lakini tuzo humkuta mtu akiwa amekwisha kuandika. Serikali yenyewe imelikubali jina "uandishi bunifu" kiasi cha kuliweka kwenye tuzo ya taifa. Lililobaki ni kuliweka kwenye orodha ya shahada ambazo kijana anaweza kuziombea nafasi.

Yule kijana wa hadithi ya wavuvi ameniachia nakala yake. Nimeisoma mara mbili, nimeandika pembezoni kwa penseli, na atarudi Jumamosi tuipitie pamoja. Nami nimetoa kauntabuku zangu sandukuni ili naye azisome. Dirisha la maombi ya uzamili likifunguliwa ataniuliza tena swali lake. Nawaomba wakuu wa idara za Kiswahili, hapa Tanzania na kwa jirani zetu Kenya na Uganda, wanijibu kupitia ukurasa huu kama wako tayari kulipeleka suala hili kwenye seneti zao, na lini, ili niwe na la kumwambia.

Mwalimu wa Kiswahili,
Shule ya sekondari,
Muheza, Tanga